Novena ya uhuru wa dini parokiani: namna ya kuiandaa mpaka izae kazi

Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu. Hii naiandika kwa viongozi wa jumuiya, kamati za Haki na Amani, akina mama wa WAWATA, vijana wa VIWAWA na yeyote ambaye akisikia kanisa limevamiwa mahali anaumia kweli, halafu anaishia kuandika "Mungu awarehemu" kwenye grupu la WhatsApp basi. Kuna cha kufanya, tena kingi, na hakihitaji hela nyingi. Msimamo wangu nausema mapema: sala isiyo na kazi ya kesho yake inapoa haraka, na harakati zisizo na sala zinageuka kelele za siasa hata wiki mbili haziishi. Kwa hiyo kila siku ya novena (sala ya siku tisa) tunayoipanga hapa ina sala yake na kazi yake, na uhuru tunaoutetea ni wa wote, sio wa Wakatoliki peke yetu. Asiyekubali hilo la mwisho atapata shida na mwongozo huu mpaka chini.

1. Paroko kwanza, tisheti baadaye

Msianze na mabango. Nendeni kwa paroko na karatasi moja tu yenye mambo manne: lini, nani anaongoza, nini kitasemwa, barua za kutetea uhuru huo zitaenda kwa nani. Yeye ndiye atakayepigiwa simu na jimbo au na polisi kama mtu amelalamika, asishtukizwe. Akikubali lipite Halmashauri ya Walei, halafu mtu aulize jimboni kwenye tume ya Haki na Amani kama wana tafakari au semina tayari msije mkarudia kazi. Kamati ya watu 5 mpaka 7 inatosha kabisa, ila hakikisheni yumo katekista, yumo mama anayejulikana mtaani, yumo kijana wa simu na kompyuta, na yumo mtu anayeelewa sheria hata kama ni mwanafunzi wa mwaka wa pili.

2. Tarehe

Mimi napendekeza 25 Mei mpaka 2 Juni, siku tisa kamili, halafu tarehe 3 Juni ni sikukuu ya Mt. Karoli Lwanga na wenzake, Wafiadini wa Uganda. Padre siku hiyo anavaa nyekundu tayari (isipoangukia Jumapili au sherehe kubwa), watu wanawajua, na watoto wa Kipaimara wameshafundishwa habari zao. Wenzetu wa Marekani walifanya hivyo hivyo na kalenda yao, mwaka 2012 maaskofu wao walitangaza wiki mbili za sala na mafundisho juu ya uhuru wa dini, kuanzia 21 Juni, mkesha wa Mt. Thomas More na Mt. John Fisher waliokatwa vichwa mwaka 1535 kwa kukataa kumkubali mfalme wa Uingereza kuwa mkuu wa Kanisa, mpaka 4 Julai siku ya uhuru wa nchi yao. Wametumia watakatifu na tarehe za kwao. Na sisi tutumie wa kwetu.

Kama Mei haiwezekani kuna Novemba, ile Jumatano Nyekundu ya shirika la Kanisa Hitaji ambapo makanisa sehemu nyingi duniani yanamulikwa taa nyekundu kuwakumbuka wanaoteswa kwa ajili ya imani. Februari 2018 hata Colosseum ya Roma ilimulikwa nyekundu. Parokia ya kijijini haihitaji mitambo, karatasi laini nyekundu juu ya taa mbili za nje inatosha, ila angalieni isiguse balbu inayochemka.

3. Jumamosi moja kabla: fundisheni tunatetea nini

Hapa ndipo parokia nyingi zinaruka, halafu siku ya tatu ya novena mtu anasimama jumuiyani anasema "tuwaombee hawa wapagani waondoke mtaani kwetu" na kiongozi hajui ajibu nini. Semina ya saa mbili inatosha. Leteni mambo matatu.

La kwanza, Kanisa linasema nini. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko Dignitatis Humanae, na kiini chake ni kwamba kila binadamu, kwa sababu ya hadhi aliyopewa na Mungu, asishurutishwe katika mambo ya dini na mtu, na kikundi, wala na serikali, asilazimishwe kutenda kinyume na dhamiri na asizuiwe kuifuata, mradi haki za wengine na amani ya wote vinaheshimiwa. Hiyo "kila binadamu" isomeni mara mbili.

La pili, nchi inasema nini. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, hata kubadilisha dini, na inasema kuendesha jumuiya za dini kuko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Printini ibara hiyo moja muigawe, watu wengi hawajawahi kuisoma na wakiisoma wanakaa vizuri kwenye kiti. Sheria ya Kanuni za Adhabu nayo inafanya kuvuruga ibada ya watu kuwa kosa la jinai, ibada yoyote, iwe Misa iwe swala ya Ijumaa.

La tatu ni mipaka, na msiikwepe. Kule Shakahola, Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa wafunge mpaka wafe. Pale serikali ina wajibu wa kuingilia na hakuna uhuru wa dini unaovunjwa kwa kuokoa watoto wasife njaa. Lakini baada ya tukio kama hilo ndipo zinapokuja sheria zinazokamata kila mtu, na ndio maana parokia inatakiwa iwe na watu wanaojua kusoma muswada. Au chukueni la hapa kwetu, Juni 2025 Msajili wa Jumuiya alifuta usajili wa Kanisa la Ufufuo na Uzima kwa sababu ya mahubiri ya kiongozi wake kuhusu mambo ya nchi, na waumini wakakuta geti limefungwa. Jadilini: muumini wa kawaida aliyekuja kusali Jumapili kosa lake nini? Swali hilo linatosha, msifike kwenye nani anapenda chama gani.

4. Siku tisa zenyewe, jumuiyani

Novena isalieni nyumbani kwa watu, kwenye jumuiya ndogo ndogo, jioni au alfajiri kama mlivyozoea. Fungu fupi la Injili, fumbo moja la rozari (Matendo ya Uchungu yanafaa), habari ya mtu au mahali pamoja, ombi, kazi. Dakika 40 zisizidi, kuna watoto wa shule na kuna watu wametoka kazini.

Siku ya kwanza anza na Yosefu Mukasa Balikuddembe. Wengi tunamjua Karoli Lwanga ila Mukasa ndiye aliyetangulia kuuawa, 15 Novemba 1885, na moja ya mambo yaliyomponza ni kumwambia Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ukweli usoni kwamba amefanya vibaya kumuua Askofu James Hannington. Hannington alikuwa Mwanglikana! Yaani Mkatoliki wa kwanza katika wafiadini wale alimwaga damu akitetea haki ya mtu wa Kanisa jingine, na kati ya wafiadini 45 Wakatoliki ni 22 na Waanglikana 23. Na kabla yao, miaka ya 1870, Kabaka Mutesa aliwaua Waislamu waliokataa kuiacha imani yao. Ukimaliza kusimulia hayo huna haja ya mahubiri marefu. Kazi ya siku hiyo: kila familia imsalimie jirani mmoja wa dini nyingine na kumwambia jumuiya inasali novena kwa ajili ya uhuru wa watu wote kuabudu.

Siku ya pili, Mwenye Heri Isidori Bakanja wa Kongo. Kijana mfanyakazi kwenye kampuni ya Wabelgiji, bosi wake akamwambia avue skapulari (kitambaa kitakatifu cha kuvaa shingoni) na aache kufundisha wenzake sala, akakataa, akachapwa mpaka mgongo ukaoza, akafa 15 Agosti 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga. Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994. Kazi ya siku hii ndiyo ngumu kuliko zote tisa na naomba msiiruke: kila mwenye dada wa kazi, mlinzi au kijana wa dukani amwulize, unapata nafasi ya kwenda kusali? Kuna nyumba za Wakatoliki wazuri, wenye rozari ukutani, ambazo dada wa kazi hajaiona Misa ya Jumapili tangu aje mjini kwa sababu Jumapili ndio siku ya wageni. Kuna nyumba ambazo binti wa Kiislamu anaambiwa avue mtandio, au anapikishwa futari ya wengine lakini akifunga yeye ananuniwa. Hatuwezi kumwandikia mbunge wakati jikoni kwetu mambo ndio hayo. Na shule zetu za parokia tuziangalie vile vile, mtoto wa dini nyingine aliyelipiwa ada pale asilazimishwe kutenda tendo la imani ambalo si lake, Dignitatis Humanae inatuhusu na sisi.

Siku ya tatu, Komanda, Ituri, huko Kongo. Usiku wa kuamkia 27 Julai 2025 waasi wa ADF waliwavamia waamini waliokuwa kwenye mkesha parokiani na kuua watu zaidi ya 40, wengi vijana. Siku ya nne ni ya nyumbani: Padre Evarist Mushi aliyepigwa risasi Zanzibar 17 Februari 2013 akienda kuadhimisha Misa, na Olasiti, Arusha, 5 Mei 2013, parokia mpya inazinduliwa, balozi wa Papa yupo, bomu likarushwa na watu 3 wakafariki, makumi wakajeruhiwa. Vijana wengi wa leo walikuwa wadogo sana wakati ule, wasimulieni. Siku ya tano Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, ambako vita ilianza Oktoba 2017, vijiji vimechomwa, misheni zimebomolewa, na Sista Maria De Coppi, wa shirika la Wakomboni, aliuawa mkoa wa jirani, Chipene jimboni Nacala mwezi Septemba 2022. Semeni pia kwamba kule Waislamu wengi sana wameuawa na kukimbia makwao, manake ni kweli na watu hawaambiwi. Siku ya sita Owo, Nigeria, ambako waamini waliuawa kanisani Pentekoste ya 5 Juni 2022. Siku ya saba Nikaragua, ambako Askofu Rolando Álvarez alihukumiwa miaka 26 mwaka 2023 akaishia kufukuzwa nchini Januari 2024, na maandamano ya kidini barabarani yamepigwa marufuku, ili watu waone kwamba anayetesa Kanisa wakati mwingine ni serikali yenye Wakristo ndani yake.

Kazi za siku hizo ni ndogo ndogo: wagonjwa watoe mateso yao kwa nia ya siku, watoto wa Utoto Mtakatifu wachore kadi, vijana waandike jina la mahali kwenye kipande cha karatasi kiwekwe miguuni pa msalaba kanisani. Siku ya nane ni ya wanaonyimwa uhuru ambao si Wakatoliki, ikiwemo Msabato anayepangiwa mtihani Jumamosi, na siku ya tisa tunawaombea wabunge, mahakimu, polisi, na wanaoua. Hao wa mwisho msiwatoe kwenye orodha.

Ombi la kusoma, mnaweza kulibadili: "Bwana, uliyesimama mbele ya Pilato bila kumlazimisha mtu akuamini, uwape nguvu wanaoteswa kwa kukiri jina lako, uwape uhuru wote wanaokutafuta hata kwa njia tusizozijua, uwageuze wanaotesa, na utuondolee sisi woga wa kusema ukweli. Twakuomba."

5. Kanisani: nini kinaruhusiwa

Misale, kitabu cha sala za Misa, ina Misa kwa ajili ya Wakristo wanaoteswa, ombeni padre aiadhimishe siku ya kawaida ya juma ambayo liturujia inaruhusu. Jumapili hapana, Jumapili ni ya Bwana na ina Misa yake, nia yenu iingie kwenye maombi ya waamini, moja tu, fupi. Rangi ya mavazi inafuata kalenda, msimsumbue padre. Alhamisi ombeni saa moja ya Kuabudu Ekaristi, Ijumaa Njia ya Msalaba, kila kituo na nchi yake. Mkiweka mkesha toeni taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, taa za nje ziwake, milango yote ifunguke kwa ndani, na wawepo watu wa ulinzi wa parokia wanaokesha nje. Baada ya Komanda hilo si la kuachia bahati.

6. Habari za kwenye simu

Oktoba 2012 Mbagala, ugomvi wa watoto wawili kuhusu Kurani uliishia makanisa kuchomwa. Habari ilikimbia kuliko watu wazima. Kwa hiyo wekeni sheria kwenye grupu: hakuna kuposti picha ya maiti, hakuna kushea video isiyo na tarehe na mahali, na admini afute bila kuomba msamaha. Habari ya mauaji ihakikiwe kwanza Radio Vatikani idhaa ya Kiswahili au kwenye taarifa ya jimbo husika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu habari za uongo, na zaidi ya sheria ni kwamba unasali kwa uongo.

Na nendeni kwa imamu wa mtaa kabla ya novena kuanza, watu wawili watatu, na nakala ya ratiba. Msiombe kitu. Mwambieni tu tutakuwa tunasali nini, ili asisikie kwa mtu wa tatu.

7. Barua

Sasa hii ndiyo sehemu inayotuogopesha bila sababu. Barua nzuri ina ukurasa mmoja, inazungumzia jambo moja, na inaomba kitu kimoja kinachoweza kufanyika. "Tunaomba serikali iheshimu dini" si ombi, hakuna afisa anayejua afanye nini nalo. Mfano wa kubuni:

"Mheshimiwa Mbunge, sisi waamini wa Parokia ya ... tulio wapiga kura wako tumesoma muswada wa ..., kifungu cha .... Kinaruhusu jumuiya ya dini kufutwa bila kusikilizwa kwanza. Tunaomba upendekeze kiongezwe muda wa kujitetea kwa maandishi na haki ya kukata rufaa mahakamani kabla milango haijafungwa. Haki hii tunaiomba kwa ajili ya dini zote. Tutashukuru kupata jibu lako ndani ya siku 30."

Chini yake saini za watu wazima tu, jina na jumuiya, basi. Msikusanye namba za NIDA wala za simu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na pia hamzihitaji. Ipelekwe kwa mkono ofisi ya mbunge jimboni, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama ni muswada, ukishasomwa mara ya kwanza unapelekwa kamati ya Bunge na kamati inaita wadau kutoa maoni, kwa hiyo andikeni pia kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, mapema, manake muda wa maoni huwa mfupi sana.

Paroko asisaini kama kiongozi wa kampeni. Kanuni ya 287 ya Sheria za Kanisa inawazuia makleri kushika nafasi katika vyama vya siasa, na hata pasipo chama ni vizuri walei tusimame wenyewe, nchi hii ni yetu na kazi ya kuisemesha ni ya ubatizo wetu. Mgombea yeyote akija na kofia yake anakaribishwa kusali, kipaza sauti hapewi.

Mkitaka msafara wa kutoka kigangoni mpaka parokiani tarehe 3 Juni, taarifa ya maandishi ifike kwa mkuu wa polisi wa wilaya saa 48 kabla au zaidi, ikitaja njia, saa na jina la kiongozi. Msalaba mbele, rozari, nyimbo. Mabango yawe na maneno ya Injili au ya ibara ya 19, hakuna jina la mtu.

8. Kukiwa na kesi hapo hapo parokiani

Mara nyingi siku ya pili ya novena itamfungua mtu mdomo: mlinzi anayekatwa mshahara akienda Misa, binti aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya dini yake. Andikeni tarehe, maneno yaliyosemwa, mashahidi, hifadhini meseji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa dini kazini, na aliyeachishwa ana siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo msingoje novena iishe, mtu apelekwe Jumatatu. Malalamiko dhidi ya ofisi za umma yanaweza kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Jina lake lisitajwe kwenye maombi ya waamini bila ruhusa yake, anaweza kupoteza hata hicho kibarua kilichobaki.

9. Sadaka, na baada ya hapo

Mchango wa kuwasaidia waliokimbia upite ofisi ya parokia na jimbo, kwa risiti. Namba ya simu ya mtu binafsi hapana, hata akiwa mwenyekiti.

Jumapili baada ya 3 Juni msomewe matangazo mafupi: jumuiya ngapi zilisali, barua ngapi zimepokelewa, dada wa kazi wangapi sasa wanaenda Misa ya kwanza. Faili moja libaki ofisi ya parokia na nakala zenye mihuri, lisikae nyumbani kwa katibu. Siku 30 zikipita bila jibu peleka barua ya pili ukiambatisha ya kwanza, na mbunge akija parokiani kwenye harambee mkumbusheni kwa heshima, nakala mkononi.